Mwaka Nilipomwambia Naibei Arudi Nyumbani

Redio ikitangaza kwamba kiongozi wa waasi ameuawa, mimi huinuka. Si lazima iwe nchi yetu. Inaweza kuwa mahali ambapo sitafika kamwe, penye majangwa na majina ya watu nisiyoweza kuyatamka. Nikisikia tu mtangazaji anasema hilo ni pigo kubwa kwa waasi, naweka kikombe chini na kutoka nje. Mke wangu hunicheka, maana nikishatoka sina la kufanya. Naangalia kuku, nashika waya wa kuanikia nguo kana kwamba umelegea, kisha narudi ndani nikitumaini wamefika kwenye habari za mpira.

Mwezi uliopita habari hiyo ilinikuta mahali ambapo sikuweza kuinuka. Tulikuwa matangani, kwenye shamba la shemeji yangu Ndiwa, juu ya Kimilili, kumzika mke wake Nafula, ambaye ni dada yangu. Ilikuwa asubuhi, jua bado halijawa kali. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki kati ya wazee, sahani ya mahindi na maharagwe magotini. Nyuma yangu vijana walikuwa wameinamia simu moja. Mkubwa wa waasi wa nchi fulani alikuwa ameuawa. "Hiyo vita imeisha, bana," alisema Barasa, mtoto wa binamu yangu, ambaye hufundisha historia katika sekondari moja ya Bungoma. "Akishaenda huyo, wengine watatawanyika tu kama siafu." Mwenzake akamuuliza ni lini aliona siafu wana mkubwa, na kama hivyo ndivyo anavyofundisha, watoto wa watu wamepotea. Wakacheka kwa sauti ya chini, kama watu wanavyocheka matangani. Halafu Barasa akaniegemea begani. "Ebu tuulize mzee. Mzee, si hata hapa mlimani ilikuwa hivyo? Walimuua yule mkubwa wao, mambo ikaisha. Ama?"

Mbele yangu, karibu na jeneza, Ndiwa aliinua uso. Amezeeka vibaya, shingo imebaki mishipa, lakini masikio yake bado yanasikia. Alinitazama kama mtu anayengoja jibu la swali alilouliza yeye mwenyewe. Nilimwambia Barasa kwamba maharagwe yamepikwa vizuri.

Swali hilo nimelibeba tangu mwaka ule wa vita vya mlimani. Sikuwa kijana, nilikuwa nimepita miaka hamsini, nina mvi, nina kazi ya kutunza stoo katika duka la mbegu na mbolea mjini Kitale. Lakini nikiulizwa ni mwaka gani ulionifanya niwe mtu niliye sasa, siwezi kutaja mwaka wa shule wala wa jando. Nitautaja huo.

Nyumba niliyokuwa nimepanga Kitale, mke wangu akiwa amebaki kijijini, ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Kuta hazikufika kwenye mabati, na hapakuwa na dari, kwa hiyo lililosemwa chumba kimoja lilisikika chumba cha pili. Nafula na Ndiwa walikuja kwangu mwanzoni mwa mwaka, wakiwa na godoro moja, sufuria mbili, na gunia la viazi ambalo Ndiwa alikataa kuliacha. Mlimani watu walikuwa wanauana kwa ajili ya mashamba, nani amegawiwa na nani ametolewa, na vijana walikuwa wameingia msituni na bunduki. Walikuwa na mkubwa wao, mtu ambaye jina lake lilitajwa kwa kunong'ona hata kule Kitale, mbali naye. Aliyekataa kutoa chakula au mtoto wa kiume alikatwa sikio. Ndiwa alikuwa mtu wa mlimani, wa kabila la hao hao wa msituni, lakini alikuwa ameoa kwetu, kwa Wabukusu wa Misikhu, kwa hiyo kila upande ulimwona ni wa upande mwingine.

Wiki sita baadaye alikuja mwana wao, Naibei. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Watu wa msituni walikuwa wamemchukua akivuna viazi, wakakaa naye karibu nusu mwaka, akiwapikia na kuwabebea mizigo, hadi siku alipotumwa maji na hakurudi. Aliingia kwangu mchana, tukiwa mezani, mrefu hata akainama mlangoni. Mama yake hakulia. Aliinuka, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule, akiangalia masikio. Yalikuwa mazima yote mawili. Nafula akamshukuru Mungu kwa sauti. Ndiwa aliacha kutafuna. Nilielewa baadaye kile alichokiona yeye kabla yetu sisi wote: kijana aliyetoka msituni na masikio yake mazima, nani ataamini kwamba alilazimishwa?

Tulimlaza Naibei kwenye chumba changu cha nyuma, kati ya magunia matupu niliyoruhusiwa kutoka nayo dukani. Yalinuka dawa ya mbegu. Mchana hakutoka. Alimsaidia mama yake kuchambua mrenda, akamenya viazi kwa kasi ya mtu aliyemenyea watu wengi. Alipenda kuniuliza mambo ya magazeti, kwa maana nilimaliza kidato cha nne na kila jioni nilikuja na gazeti la jana lililosahauliwa dukani. "Khocha," alikuwa akiniita, ndivyo Wabukusu tunavyomwita mjomba, "wanasemaje leo?" Nami nilimsomea na kumfafanulia, na nilifurahia kufafanua kuliko nilivyofurahia kusoma. Hilo nalo niliandike. Nilipenda kuwa mtu anayejua.

Mpango ulikuwepo, na ulikuwa wa Ndiwa. Ana jamaa zake upande wa Uganda, na mmoja wao alikuwa akija Suam, pale mpakani, siku za soko kuuza ng'ombe. Naibei angevuka naye mchana kweupe, nyuma ya ng'ombe, kama mchungaji yeyote, akae huko mwaka mmoja au miwili mpaka mambo yatulie. Siku ilishapangwa. Nafula alikuwa amemfulia shati na kumshonea kifungo. Hakupenda mpango huo. Alisema mtoto akivuka mpaka atapata mke huko na yeye atazeeka akiangalia mlima kwa upande usiofaa. Lakini alishona.

Siku tatu kabla ya siku hiyo ya soko, redio ilisema mkubwa wa msituni ameuawa.

Nilikuwa dukani. Mahindi mashambani yalikuwa yamefika magotini, wakati wa palizi, na watu walikuwa wengi wakitafuta mbolea ya kukuzia. Mtu mmoja aliingia mbio akasema, "Wamemmaliza!" na hakuna aliyeuliza nani. Mama mmoja aliyekuwa amekimbia kutoka mlimani aliketi juu ya mfuko wa mbolea, akaficha uso kwenye leso. Wengine walipiga vigelegele. Hata mimi, nakiri, nilishikana mikono na watu nisiowajua. Nilinunua nusu kilo ya nyama na kwenda nyumbani kwa chakula cha mchana nikitembea kama mtu aliyemuua yeye mwenyewe.

Yaliyosemwa kwenye chakula kile nayakumbuka neno kwa neno, kwa kuwa nimeyarudia mara nyingi kuliko sala. Nafula aliimba akikaanga nyama. Mimi nilisema hakuna tena haja ya Suam. Nilisema vita vya namna hii hukaa kwenye kichwa cha mtu mmoja. Yeye ndiye aliyewaapisha, yeye ndiye waliyemwogopa, akishaondoka wale vijana watatupa bunduki na kurudi kulima. Nilisema Naibei aende nyumbani, ajipeleke mwenyewe kwa chifu kabla ya wengine, aandikishwe, ashike jembe. Anayejitokeza wa kwanza ndiye anayehurumiwa. Anayevuka mpaka sasa, wakati wenzake wanarudi, anajitangaza kuwa na hatia.

"Shemeji," Ndiwa alisema, "huyo mtu alikuwa anajua nani alienda na miguu yake na nani alifungwa kamba. Sasa amekufa. Nani atasema?"

"Kwani ulitaka aje kuwa shahidi wako?" nilimjibu. "Wewe unaogopa mtu hata akiwa maiti."

Nafula alicheka. Ndiwa hakucheka. Alichukua kipande cha ugali, akakifinyanga mkononi muda mrefu bila kukichovya.

Naibei ndiye aliyesema jambo ambalo mtu mwenye akili angelisikiliza. "Khocha, mimi nimekaa na wao. Yule mkubwa tulimwona mara mbili tu. Alikuwa anakuja, anaongea, anaenda. Wale walikuwa wanafanya ni wengine. Na hao wengine si wote wako msituni. Wengine wanakaa tu kwao, wanakunywa chai."

Nilipaswa kumuuliza ni akina nani. Badala yake nilikasirika, kwa kuwa mtu aliyekuwa akinisikiliza kila jioni alikuwa amejua kitu nisichokijua. Ndipo nilipofanya kosa langu, na lilikuwa kosa ambalo ni mjomba tu angeweza kulifanya. Kwetu, kijana akienda jandoni, mjomba wake upande wa mama humchinjia ng'ombe na kumvisha shingoni kipande kirefu cha nyama ya kifua, luliki, naye hukimbia nacho mpaka nyumbani kwao damu ikimchuruzika. Baada ya siku hiyo neno la mjomba halijibiwi. Baba unaweza kubishana naye, khocha, hapana. Nilimchinjia Naibei ingawa baba yake alikuwa na desturi zake, na Ndiwa alinyamaza kwa heshima. Sasa nilivuta kamba hiyo. "Mimi ndiye nilikuvisha nyama shingoni," nilimwambia mbele ya wazazi wake. "Nikisema enda nyumbani, unaenda."

Alitazama sahani yake. "Sawa, khocha," alisema.

Aliondoka Jumatatu asubuhi. Nilimpa koti langu la kahawia kwa sababu kule juu kuna baridi, mikono ikamfikia nusu tu. Tulicheka wote wawili.

Kwa siku kumi na sita nilionekana nimesema kweli. Chifu alimwandika. Alipalilia mahindi, akaanza na mashimo ya viazi. Alituma ujumbe kupitia kwa jirani kwamba hata milio ya bunduki haisikiki, na mama yake anaweza kuanza kufunga mizigo. Nilimsomea Nafula ujumbe huo mara mbili na kumtazama Ndiwa nikisoma. Siku ya kumi na saba, saa nne asubuhi, gari lisilo na namba lilisimama barabarani chini ya shamba. Watu wanne walishuka. Mmoja alikuwa amevaa buti, wengine viatu vya kawaida. Jirani aliyekuwa akikata nyasi aliwasikia wakimwita kwa jina, kwa upole, kama watu wanaomjua. Naibei aliweka jembe chini, akapanda. Koti alikuwa amelitundika kwenye mti wa ua, na lilibaki hapo.

Ni akina nani? Wapo waliosema ni wale wengine wanaokunywa chai kwao, waliogopa atawataja. Wapo waliosema ni waliokuwa wakiwasaka wa msituni. Kila upande ulionyesha mwingine kidole, na mpaka leo sijui. Miezi iliyobaki ya mwaka ule mimi na Nafula tuliimaliza Bungoma, kwenye madawati ya mbao nje ya ofisi. Tulijua ni dirisha gani hufunguliwa saa ngapi. Tulikula mandazi makavu na chai ya rangi kwenye kibanda kimoja karibu na stendi, mpaka mwenye kibanda akaacha kutuuliza tunataka nini. Tulikwenda mahabusu, tulikwenda vyumba vya maiti, Nafula akiingia na mimi nikibaki mlangoni, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshindwa. Siku moja karani mmoja, mtu mpole, alifunika daftari lake akatuambia: "Mama, mbona hamuelewi? Hiyo vita iliisha. Mkubwa wao si alikufa? Sasa nani anachukua watu?"

Nafula aligeuka akanitazama. Yalikuwa maneno yangu. Karani alikuwa ameyasema vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo, Barasa, hili ndilo jibu ambalo sikukupa nilipokutajia maharagwe. Je, kuuawa kwa yule mtu kulibadilisha vita? Ndiyo. Sitaki kudanganya ili nionekane nimejifunza. Milio ilikoma. Shule zilifunguliwa, watu walilala kwao, viazi vilishuka tena sokoni Kimilili, na yule mama aliyekalia mfuko wa mbolea alirudi shambani kwake na yuko huko mpaka leo. Ungemuuliza yeye, angekuambia siku ile ilikuwa siku njema, na angekuwa na haki. Lakini mashamba yaliyogombaniwa bado yanagombaniwa, sasa kwa mawakili. Na wako mamia ya mama, ama wachache, sijui, ambao watoto wao walipotea baada ya vita kuisha, na kwa kuwa vimeisha, hakuna vita vya kulaumiwa. Siku nyingine naamini kama yule mtu angekamatwa akiwa hai angesema nani alifungwa kamba. Siku nyingine naamini angewataja wote kwa chuki tu. Nazunguka hapo kama ng'ombe aliyefungwa kigingi. Ninachokijua ni kidogo zaidi: nilichukua habari iliyomhusu mtu mmoja aliyekufa, nikaifanya ruhusa ya mtu mwingine kutembea njiani bila kuogopa. Hakuna redio iliyoniambia hivyo. Niliongeza mwenyewe.

Nafula hakunilaumu hata siku moja. Walirudi mlimani yeye na Ndiwa, na kila alipokuja kwangu tulipika, tukaongea, tukacheka. Lakini tangu mwaka ule hakula nyama nyumbani kwangu. Alisema ni jino. Alikula maharagwe, alikula mrenda, na nyama alimsogezea aliyekuwa karibu naye.

Kuna la pili la kukiri, nalo ni baya kuliko la kwanza. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa mgomba badala yake, ili watu wake wapumzike. Lakini mtoto wa dada hazikwi mpaka mjomba akubali kwamba amekufa. Mara tatu katika miaka hiyo Nafula alinijia na ombi hilo. "Baba Nekesa," alisema mara ya mwisho, akiniita kwa jina la binti yangu kama kawaida yake, "nimechoka kuangalia barabara. Sema tu." Mara zote tatu nilikataa. Nilimwambia vijana wengi walivuka Uganda, atarudi. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye imani. Ukweli ni kwamba, nikisema amekufa, nitakuwa nimesema nani alimtuma. Dada yangu alikufa akiangalia barabara.

Asubuhi ile ya matanga, baada ya Barasa kuniuliza, Ndiwa alikuja akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yangu. "Shemeji," alisema, "kwetu hatuziki mti. Lakini yeye alikuwa wa kwenu, na hospitalini aliniomba. Nimechimbisha la pili, hapo kando yake. Limebaki neno lako."

Nilitazama. Kweli, kando ya kaburi la Nafula lilikuwepo jingine jembamba, udongo wake bado mbichi. Nilikuwa nimeliona tangu nilipofika nikajiambia ni la maji ya mvua.

Niliweka sahani chini na kusimama. Safari hii sikwenda kuangalia kuku. Nilisema, kwa Kibukusu na kisha kwa Kiswahili ili watu wa Ndiwa wasikie, kwamba Naibei, mtoto wa dada yangu, amekufa. Nilisema alikuwa na mahali salama pa kwenda na siku ilikuwa imepangwa. Nilisema mimi, mjomba wake, nilimkataza kwa jina la nyama niliyomvisha shingoni, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwenye redio kwamba vita vimeisha. Nilisema mama yake aliniomba neno hili mara tatu nikamnyima. Kuku mmoja alipita chini ya jeneza, akafukuzwa. Barasa alikuwa ameiweka simu mfukoni.

Wakanipa panga. Chini ya shamba la Ndiwa kuna bonde dogo ambapo ndizi bado zinakubali, kabla baridi ya mlima haijazikataa. Nilichagua mgomba ulionyooka, nikaukata, nikaupunguza majani, na Barasa akanisaidia kuubeba. Tuliulaza kwenye nyasi kando ya shimo. Mtu alitoka ndani ya nyumba na koti langu la kahawia, limekunjwa, linanuka sabuni.

Ndiwa alisimama juu ya mgomba ule akiuangalia kutoka mwisho hadi mwisho. Watu walingoja. Nilidhani ataomba, au atalia, au atanitukana, na lolote kati ya hayo ningelipokea.

"Huu ni mfupi," alisema. "Naibei alikuwa anainama mlangoni kwako. Umesahau?"

Nikachukua panga, nikarudi bondeni kutafuta mwingine.